Siku Mama Jules Alipojibu Habari za Lampo

Mama Jules alitoka katika ofisi ya uraia mjini Buffalo ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Binti yake Gracieuse, aliyekuwa akimngoja kwenye viti vya nje, alisimama. Uso wa mama yake ulikuwa umekwisha kusema.

"Nimeanguka mtihani kwa sababu ya jibu moja," Mama Jules akasema. "Moja tu, mwanangu."

"Lipi?"

"Kila kitu kiliharibikia kwa ile ya lampo."

Gracieuse akajibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu watoto wetu wote waliokulia huku. Alisema hilo la kodi ndilo swali jepesi kuliko yote, tena mama yake ndiye aliyemfundisha yeye. Ni kweli. Mama Jules alikuwa analijua swali lile kuliko padri anavyoijua misa. Ndiyo maana aliona aibu hata kuingia garini.

Jina lake la ubatizo ni Emérence, lakini tangu alipomzaa kifungua mimba wake, Jules, hakuna anayemwita hivyo isipokuwa watu wa serikali. Alizaliwa kwenye milima ya Walungu, juu kule ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni na watu wanaota moto hata mwezi wa Agosti. Alisoma miaka sita kwa masista, kisha akaenda kuchuma chai. Vita vilimtoa huko. Akakaa kambini Uganda miaka kumi na mmoja, akaletwa Louisville pamoja na mama yake, kaka yake na Gracieuse, na baada ya miaka miwili akahamia Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey, kwa sababu ya kazi. Anafanya kazi katika kiwanda kinachofua mashuka ya hospitali. Mashuka yanakuja machafu kwa malori, yanaondoka meupe kama ya altareni, na Mama Jules husema kwamba hiyo peke yake ni sababu ya kumshukuru Mungu.

Jules hakuja naye. Wakati majina yao ya kusafiri yalipotoka, alikuwa ameoa miezi minne tu, na faili yake ilitengwa na ya mama yake. Mpaka leo yuko kambini na mke na watoto watatu ambao bibi yao hajawahi kuwagusa. Mama mwenye kadi ya kijani hawezi kumwombea mtoto aliyeoa. Lazima kwanza awe raia, ndipo faili ya mtoto ianze kutembea, nayo hutembea polepole kama kinyonga. Hilo ndilo lililomfanya Mama Jules, mwanamke wa darasa la sita, abandike maswali ya uraia kwenye friji, kwenye kioo cha bafu, na hata kwenye mlango wa kabati la sufuria.

Mwalimu wao alikuwa Marion, Mkenya aliyekuja kusoma, akabaki, na sasa anafanya kazi ya hesabu katika ofisi moja kule Kenmore. Kila Jumamosi baada ya saa nane alifundisha kina mama chini ya kanisa, penye harufu ya kahawa na mishumaa. Alikuwa na haraka ya Kikenya, lakini moyo wake mwema.

Jumamosi moja ya Januari, theluji imeziba madirisha, aliwasimulia habari za ile vita ya Wamarekani na Waingereza.

"Sikizeni, kina mama. Hawa watu wa Amerika walikuwa chini ya mfalme wa Uingereza, sawa? Na walimpenda! Walikuwa wakinywea afya yake. Sasa mfalme akapigana vita akaishiwa pesa. Yeye na bunge lake wakasema, si wale watoto wetu wa ng'ambo wako? Walipe. Wakaweka kodi kwenye kila karatasi. Gazeti, cheti cha ndoa, hata karata za kuchezea, lazima iwe na muhuri."

"Hata cheti cha ndoa!" mama mmoja akasema.

"Hata. Na kule bungeni Uingereza hakuna hata Mmarekani mmoja wa kusema ndiyo au hapana. Hiyo ndiyo iliwauma. Hawakusema hatulipi kabisa. Walisema, mnatutoza na hamtuulizi. Wakagoma. Wanawake wakaacha kununua vitambaa vya Uingereza, wakakaa majumbani wakisokota nyuzi zao wenyewe. Kodi ya karatasi ikaondolewa. Lakini ikaja nyingine: vioo, rangi, chai. Watu wakagoma tena, mfalme akaleta askari wakae katikati ya mji wa Boston. Askari na watu kila siku matusi, mipira ya theluji, mwisho risasi zikapigwa, watu watano wakafa. Halafu siku moja watu wa Boston wakaingia kwenye meli tatu wakatupa chai yote baharini. Masanduku mia tatu arobaini na mawili."

Mama Jules alishika kichwa. "Chai nzima?"

"Nzima."

"Nani alichuma?"

Darasa likacheka. Marion akacheka pia. "Mama Jules, swali ni kwa nini walimwaga, siyo nani alichuma!"

"Hapana, Mwalimu, minauliza tu. Weye hujui ile kazi. Unachuma majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka kikapu kijae. Vidole vinakuwa vyeusi. Masanduku mia tatu! Ni kilima kizima na wanawake wake wote."

Na papo hapo, akiwa chini ya kanisa katika baridi la Buffalo, aliona tena mistari ya chai inavyopanda mlima kama nywele zilizosukwa, akasikia wanawake wakiitana kutoka mstari hadi mstari, bila kuonana kwa sababu ya ukungu. Mmoja anaanza wimbo wa Bikira Maria huku, mwingine anaumalizia kule. Saa nne jua linatoboa, ukungu unaondoka, na kumbe yule uliyekuwa unaimba naye alikuwa karibu hivi. Machozi yakamjia. Akayafuta na ncha ya kitenge, akasema ni vumbi.

Marion aliendelea. Mfalme alikasirika, akafunga bandari ya Boston ili watu wakae na njaa. Hapo ndipo alipokosea. Majimbo mengine, yaliyokuwa hayapatani hata kwa mpaka wa shamba, yakaanza kutuma mchele, unga na kondoo Boston. Waliposhirikiana kula, wakashirikiana kukutana. Wakatuma wajumbe, wakaketi pamoja. Mwaka uliofuata bunduki zikalia, na mwaka mwingine wakaandika kwamba hawana mfalme tena.

"Kwa hiyo ilianza na muhuri kwenye karatasi," Marion akasema, "ikaishia na nchi mpya. Mkiulizwa kwa nini, mnasema tu: kodi bila kuulizwa. Maneno machache. Pass."

Mama Jules aliisimulia hadithi hiyo nyumbani, kiwandani wakati wa mapumziko, na kwa simu kwa kaka yake Mugisho kule Louisville. Kila aliposimulia aliongeza chumvi kidogo kwenye ile chai.

Basi ilikuwaje mwezi wa pili, siku ya mahojiano?

Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani yake imefungwa mnyororo. Aliuliza jina, akauliza anwani, akauliza maswali matatu ya kwanza na Mama Jules akajibu. Ndipo akasema, akiwa ameshika kalamu juu ya karatasi: Taja sababu moja iliyowafanya Wamarekani wajitenge na Uingereza.

Mdomo wake ukakataa kufunguka. Haikuwa kusahau. Jibu lilikuwa pale, limekaa mdomoni kama punje ya mahindi. Lakini mbele yake alikuwa ameketi mtu wa serikali, ana kalamu, ana faili yenye jina lake, anamwuliza kwa nini watu wanakataa kulipa lampo.

Mama Jules alitazama chini. Kisha akafungua mkoba, akatoa bahasha ya plastiki, akaiweka mezani. Ndani mlikuwa na karatasi zake za kodi za miaka sita, kila mwaka umebanwa na pini yake.

"Miye, nalipa," akasema kwa Kiingereza chake. "Kila mwaka. Na binti yangu analipa."

Afisa akatazama zile karatasi, akamtazama yeye. "Nzuri sana, mama. Lakini ninauliza habari za zamani. Kwa nini Wamarekani..."

"Hao watu siwajui," Mama Jules akasema. "Sijui nani alikataa."

Toka hapo akili yake ikawa kama chungu kilichopasuka. Majibu mengine yote yalivuja. Hata jina la mto mrefu, ambalo alikuwa akiliimba akiosha vyombo, halikuja.

Alipewa barua: aje tena kabla mwezi wa nne haujaisha. Akikosa mara ya pili, ataanza upya kuanzia fomu ya kwanza, na Jules naye atangoja upya.

Marion alipoisikia habari ya bahasha aliweka mikono kiunoni. "Mama Jules! Please! Kwani ulidhani ni mtoza kodi?"

"Hapana, Mwalimu."

"Sasa?"

"Sijui kueleza."

"Ulikuwa unajua jibu?"

"Minajua mpaka leo."

Marion akachukua mkono wake. Alisema kwao Kenya bibi yake alikuwa akisimulia walivyotozwa kodi kwa kila kibanda, mpaka familia mbili zikabanana katika kibanda kimoja ili kupunguza. "Lakini bibi yangu alisimulia akicheka. Wewe nani alikufunga mdomo?"

Swali hilo lilikaa na Mama Jules kwa wiki nyingi. Alilala nalo, akafua mashuka nalo, akaenda nalo kwenye njia ya msalaba kila Ijumaa ya Kwaresima. Kidogo kidogo jibu likamjia. Alikuwa mtoto, na mama yake alikuwa anamfunga kitambaa kichwani tayari kwenda shule, huku anamwambia: Ukikutana na watu wa Serikali njiani wakakuuliza lampo, unasema nini? Na yeye anajibu: Nasema, kwetu tunalipa, wengine siwajui. Vizuri. Na macho? Macho chini. Asubuhi nyingi namna hiyo, kama sala. Hakuwahi kujua sababu. Kila nyumba ina sala zake.

Wiki ya Pasaka alimwomba Gracieuse ampeleke Louisville kwa mama yake.

Walitoka Buffalo alfajiri ya Jumamosi Kuu, wakafika Columbus saa sita mchana. Walisimama Clintonville kwa Gentille, rafiki wa Mama Jules tangu kambini, anayelea wazee katika nyumba ya wazee huko. Ilikuwa saa yake ya mapumziko. Alitoka na sare yake ya zambarau, bakuli la maharagwe mkononi, akaanza kucheka kabla hajafika kwenye gari.

"Njo huyu! Ndiye huyu mama aliyempa afisa malipo yake!"

"Gentille, nyamaza, ni Kwaresima."

"Kwaresima inaisha leo. Batu bote ba Columbus banajua. Ilifika kwenye WhatsApp ya kwaya! Banasema, eti kuko mama Buffalo, anaulizwa historia, anatoa risiti!"

Gracieuse alicheka mpaka akaegemea usukani. Mama Jules naye, pamoja na uchungu wake wote, alicheka. Walikula maharagwe kwa kijiko kimoja, wamekaa kwenye ukingo wa maua, na watu wa Clintonville wakapita na mbwa wao wakawasalimia.

Kisha Gentille akaweka bakuli chini. "Bon. Sikiliza, dada. Miye nilipita mara ya kwanza, lakini unajua? Afisa alipouliza kama niliwahi kukaa katika kundi lolote, nilikataa hata Legio ya Maria. Nilimkana Bikira kwa sababu ya woga. Padri alinipa rozari tatu. Donc usione haya. Sisi wote tuko namna ile."

Louisville walifika jioni, kengele za mkesha zikilia. Siku ya Pasaka yenyewe, baada ya misa na chakula, Mugisho na wageni wakaenda kukaa uani. Mama Jules akabaki jikoni na mama yake, Koko Spés, wakichambua sombe ya kesho. Koko Spés ana miaka themanini na mitano. Macho yake yamefifia, lakini vidole vinajua wenyewe jani lipi la kutupa.

"Mama," Mama Jules akasema, "kwa nini ulinifundisha kusema siwajui?"

Vidole vya mzee vikasimama. "Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Mimi nauliza."

"Mugisho iko wapi? Funga mlango."

"Mama, tuko Louisville. Aliyekuwa anasikiliza amekufa zamani."

"Funga."

Akafunga. Na Koko Spés, akiwa ameshika jani la muhogo kama mtu anayeshika barua, akaanza kusema polepole.

Alikuwa na miaka minane. Mwaka huo wazungu walipandisha lampo mara mbili. Watu walikuwa wamekwisha kulipa kwa kuuza mbuzi, na baada ya mavuno wakaambiwa haitoshi, waongeze, na wanaume waende pia kulima barabara. Baba yake, Ruhimbika, alikuwa mtu wa maneno machache. Alisimama baada ya misa ya Jumapili, nje ya kanisa, akasema: "Miye silipi mara ya pili. Watuulize kwanza kama tuko nayo." Basi. Maneno hayo tu. Lakini wiki ile hakuna mwanaume wa kilima kile aliyekwenda kulipa. Hata kilima cha jirani, ambao walikuwa wanagombana nao kwa maji, kikagoma.

"Basoda bakakuja na bunduki zao," Koko Spés akasema. "Hawakupiga mtu siku ya kwanza. Walikaa tu. Wawili wawili katika kila nyumba. Kwetu wawili. Walilala kwenye kitanda cha baba, wakachinja mbuzi, wakapikiwa na mama. Wiki tatu. Sisi watoto tulilala na ndama. Kisha Mzungu wa teritwari, yule mkubwa wa serikali, akaja na meza yake na kitabu. Akaweka meza mbele ya nyumba yetu. Akaita mama yangu. Akamwuliza: nani alisema watu wasilipe?"

"Akajibu nini?"

"Akatazama chini. Akasema: sisi tunalipa, wengine siwajui. Alisema hivyo mara kumi, na kiboko kimelazwa mezani. Jirani zote wakasema namna hiyo hiyo. Hawakumpata wa kumtaja. Lakini walichukua wanaume sita ovyo, kamba shingoni, na baba alikuwa mmoja wao. Alirudi baada ya mvua mbili, anakohoa. Hakuishi sana."

Mama Jules alikuwa amekaa na mikono wazi. "Lakini mlituambia babu alikwenda kutafuta kazi ya barabara."

"Njo vile tuliambiana. Tulisema hivyo mpaka tukaamini. Miye mwenyewe kuna siku nilikuwa namwambia padri, baba alikwenda kutafuta kazi." Mzee akatupa jani pembeni, akachukua lingine. "Wale wa kilima cha jirani waliimba wimbo wa watu wao waliokataa. Sisi tulinyamaza. Kunyamaza kulituokoa, sikatai. Lakini kulimla na baba. Hakuna mjukuu wake hata mmoja anayejua kwamba alisimama."

Nje Mugisho alikuwa akipiga gitaa la zamani, watu wakiitikia Aleluya. Mama Jules alikumbuka milima yake, ile aliyokuwa akiililia miaka yote kwa ajili ya ukungu wake na nyimbo zake, na kwa mara ya kwanza aliona nyumba ya babu yake ikiwa na meza mbele ya mlango. Hakuipenda milima ile kidogo kuliko zamani. Aliipenda zaidi, kama unavyompenda mtu siku unapojua alichokuficha ili ulale salama. Kisha akamsimulia mama yake habari ya afisa na bahasha.

"Huyu afisa wako," Koko Spés akauliza, "iko na kiboko?"

"Hapana, Mama. Iko na miwani."

Mzee akacheka, meno yake mawili yakaonekana. Kisha akawa mkali. "Aliyekuuliza anataka jina la mtu?"

"Hapana. Anataka tu niseme wao, watu wa kwao, babu zao, kwa nini walikataa. Wanafurahia, Mama. Ni sikukuu yao. Wanapiga fataki."

"Wanafurahia?" Koko Spés alitikisa kichwa muda mrefu. "Basi mwambie, mutoto. Mwambie yote. Miye ndiye nilikufunga mdomo, miye nakufungua." Akamwekea mkono wenye majimaji ya sombe juu ya paji la uso, akafanya alama ya msalaba.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa nne Mama Jules aliingia tena katika ofisi ile. Alikuwa amesali asubuhi nzima swali lile lisije. Safari hii afisa alikuwa kijana wa kiume, tai imekaza shingo, uso hauonyeshi kitu. Mkoba aliuacha kwa Gracieuse kwa makusudi.

Swali la kwanza lilikuwa la bendera. Akajibu.

La pili, kijana akasoma bila kuinua macho: Taja sababu moja iliyowafanya Wamarekani wajitenge na Uingereza.

Mungu ana namna yake ya kusikia sala. Macho yakaanza kwenda chini yenyewe, yakafika kwenye ukingo wa meza, na Mama Jules akajua kwamba yakishuka zaidi ya hapo kila kitu kitamwagika kama mara ya kwanza, na Jules atakaa kambini miaka mingine. Akayainua. Kazi ile ilikuwa nzito kuliko gunia. Akamtazama kijana usoni.

"Lampo," akasema. Kisha akakumbuka neno la Kiingereza, akalisema.

Kijana akaandika. "Sawa. Swali la..."

"Mfalme alikuwa mbali," Mama Jules akasema. Kiingereza chake kilikuwa cha kuvunjikavunjika, lakini hakikusimama. "Anaweka kodi kwa karatasi. Anaweka kwa chai. Hawaulizi. Watu wanasema, tuulize kwanza. Mfalme hataki. Wanawake wanaacha kununua kitambaa. Wanamwaga chai, chai nyingi, kazi ya watu. Mfalme anafunga bandari, watu wana njaa, majirani wanaleta mchele. Njo hapo wanakuwa kitu kimoja."

"Mama, sababu moja inatosha."

"Sijamaliza, bwana. Askari wanakuja. Wanalala katika nyumba za watu. Wanakula mbuzi."

Kijana akainua macho. "Mbuzi?"

"Labda hapa si mbuzi. Kwetu ilikuwa mbuzi." Akavuta pumzi. Akabana mikono kati ya magoti. "Babu yangu alikataa. Alisimama mbele ya kanisa akasema watuulize kwanza. Jina lake Ruhimbika. Walimfunga kamba hapa." Akagusa shingo yake.

Alikuwa amelitaja. Mbele ya mtu wa serikali, mbele ya kalamu na faili. Akangoja. Hakuna mlango uliofunguliwa, hakuna aliyeingia. Kijana alikuwa ameshika kalamu tu. Mwisho akauliza jina hilo linaandikwaje, na Mama Jules akashtuka.

"Siyo kwa faili," kijana akasema haraka. "Nataka tu kulisema vizuri."

Akamtajia, herufi moja moja. Kijana akalisema, vibaya, akalirudia, vizuri kidogo. Kisha akakohoa, akainamia karatasi yake, akauliza swali la tatu. La tatu likaja, la nne likaja, yote yakaja kama wanawake wanaotoka katika ukungu, mto mrefu na jina lake, maseneta na idadi yao, mpaka kijana akaweka kalamu chini akasema imetosha, mama, umepita.

Nje Mama Jules alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, Gracieuse amepiga magoti mbele yake akisema kwa Kiswahili, bila kujua kwamba anasema Kiswahili: "Mama, umepita? Sema, umepita?"

"Nipe simu."

Kambini ilikuwa jioni. Jules alipokea, nyuma yake kuku na watoto.

"Mama? Imekuwaje?"

"Tafuta kalamu," Mama Jules akasema. "Hapana, miye ndiye mwenye kuandika. Niambie majina ya batoto, mmoja mmoja, namna yanavyoandikwa kwenye karatasi ya UN. Usikosee herufi. Na siku walizozaliwa."

Upande wa pili mtu mzima wa miaka thelathini na tatu akaanza kulia. Mama Jules akamwacha alie. Gracieuse alimpa kalamu na mgongo wa karatasi, naye akaiweka juu ya goti, akangoja jina la kwanza.